Feni la Mama Lililonyamaza

Hakuna mota inayoweza kunishangaza. Nalisema hili waziwazi, na anayetaka kukasirika akasirike. Skuli niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza, lakini nionyesheni hoteli ya ufukweni katika Unguja hii ambayo mota yake haijapita mikononi mwangu. Za visima, za majokofu, za mashine za kukobolea mpunga, za kusagia mwani kule Chwaka, na moja ya shamba la njia ya Kizimbani iliyokuwa imejaa maji ya mvua na vyura wawili ndani, wazima. Wenye vyeti huja na mita zao, wakapima, wakaandika, wakakuna vichwa, kisha wakanipigia simu mimi.

Nami sina mengi. Nachukua bisibisi refu, ncha naiweka juu ya kava la mota, mpini naubana sikioni, nafumba macho. Hapo ndipo raha yangu ilipo. Humo ndani mna nchi nyingine kabisa. Beringi nzima, yenye grisi yake, husikika kama mvua iliyo mbali juu ya makuti, mvua ambayo bado haijafika kwako. Iliyokauka hutafuna mchanga. Iliyopasuka gololi hupiga kwato. Nimewahi kusimama hivyo kwenye chumba cha pampu cha hoteli moja mpaka meneja akaniuliza kama nimelala. Nikamwambia, "Nasikiliza." Akaniuliza, "Unasikia nini?" Nikamwambia, "Nasikia kuwa Ijumaa hamtakuwa na maji." Na Ijumaa maji hawakuwa nayo, kwa sababu walisubiri.

Nimenunua nyumba yangu Mji Mkongwe kwa beringi. Watu wengine hununua kwa karafuu, wengine kwa urithi. Mimi ni kwa vigurudumu hivi vya chuma, kimoja baada ya kimoja. Nyumba ni kuukuu, kuta nene, mlango mzito, na ngazi zake zimesimama wima, kila kidato na kimo chake. Chini nakaa mimi na mke wangu. Juu anakaa mama.

Mama alikuwa na miaka kadhaa hajashuka. Magoti yake yaligoma. Siku niliyomhamishia pale aliwahi kupanda mwenyewe, akashika ukuta, akapumzika kwenye kona, akapanda tena, na alipofika juu akasema, "Mimi hapa nshafika." Basi. Tangu siku hiyo chakula kilimpandia, wageni walimpandia, na habari zote za mji zilimpandia huko huko. Sote tulijua, ingawa hakuna aliyelisema, kwamba akiteremka siku moja, ngazi zile hatazipanda tena.

Chumbani kwake, kwenye boriti ya katikati, lilining'inia feni. Tulilitoa nyumba ya zamani, la mapanga matatu, rangi ya maziwa yaliyoganda, zito kama mtoto wa ng'ombe. Marehemu baba ndiye aliyelinunua. Mchana, baada ya sala ya Adhuhuri na chakula, mama hufunga madirisha ya mbao, mwanga ukaingia kwa vipande vyembamba, akalala chali na tasbihi yake mkononi, na feni likazunguka taratibu juu yake. Usiku mama halali sana, huamka kusali. Usingizi wake ni ule wa mchana, na daktari alimwambia kuwa huo ndio dawa ya presha yake, asiukose.

Sasa feni lile lilikuwa na mlio. *Tk.* Likazunguka. *Tk.* Kidogo tu, kama mtu anayegonga kikombe kwa ukucha. Mimi nikipanda kumsalimu nausikia tangu kidato cha tatu cha ngazi. Unanichoma. Fundi mota wa Unguja nzima, mama yake mzazi amelala chini ya feni bovu! Wageni wake wanapanda, wanasikia, wanashuka wanakwenda kusema wapi?

"Mama, nitalitengeneza hili feni."

"Liache, mwanangu. Halinisumbui."

"Linanisumbua mimi."

"Wewe huli wala hulali hapa. Liache."

Sikuliacha. Asubuhi moja, alipokuwa amekaa ukumbini huko huko juu na jirani yetu wanachambua mchele, nikaliteremsha.

Nataka kuieleza kazi ile, kwa sababu sijapata kufanya nyingine nzuri kama ile. Nilikuwa na beringi mbili za asili, si zile zilizofungwa kwenye karatasi inayofanana na ya wenyewe. Watu wengi huiua beringi siku ile ile wanayoivisha. Huipiga nyundo kwenye duara la nje, nguvu ikapita kwenye gololi, zikaumia kabla hazijatembea. Mimi huipasha moto. Nikashuka jikoni, nikachukua sufuria, nikatia mafuta, nikaining'iniza beringi kwa waya isiguse chini.

"Wewe!" mke wangu akapiga kelele. "Hiyo sufuria ya sambusa!"

"Nitakununulia nyingine."

"Na mafuta yangu je?"

"Mafuta yako leo yatakaanga sambusa za chuma."

"Basi utazila mwenyewe, na meno yako hayo yaliyobaki."

Beringi ikivimba kwa moto, hupita kwenye shafti yenyewe, kama pete kwenye kidole chenye sabuni. Inateremka mpaka mwisho, inakaa, inapoa, inashika. Hakuna aliyeigusa kwa nyundo. Nilipoiona inateremka vile, kwenye mwanga ule wa dirisha, na moshi wa mafuta unapanda, nilihisi kama mtu anayemvisha bibi harusi.

Kisha makava. Feni la darini lina kava la juu na kava la chini, na katika kila moja mna shimo la duara linaloipokea beringi. Sisi tunaliita nyumba ya beringi. Nyumba ya kava la juu ilikuwa imelika kwa miaka, imekuwa pana, na ndani yake nilikuta utepe wa bati uliozungushwa ili kuziba nafasi. Ni dawa ya kawaida, kila fundi anaifanya. Lakini aliyeufanya ule aliukata mrefu, ncha zake zikapandana, na pale zilipopandana beringi ikanyanyuka upande mmoja. Huo ndio uliokuwa mlio. Fundi gani anaacha ncha zipandane? Nikautoa nikautupa. Nikakata wangu kwa kopo la soda, nikaupima mara nyingi mpaka ncha zikatazamana bila ya kugusana, nafasi ya unywele mmoja. Nikayakutanisha makava, nikaanza skrubu, moja ya upande huu, kisha ile inayoikabili, kidogo kidogo, huku nazungusha kwa kidole nisikie kama pana pahala panapogoma. Hapakugoma. Nililisukuma kwa pumzi tu, wallahi, kwa pumzi, likazunguka.

Nikalipandisha, nikawasha. Kimya.

Mapanga yalikuwa yanapita na hayapiti. Kivuli chake kilikuwa kinaogelea ukutani, juu ya kabati, juu ya picha ya baba, kinarudi tena ukutani, na sauti hakuna. Nilisimama katikati ya chumba nikahisi niko chini ya maji safi. Sijui nilisimama muda gani. Mama akaingia na gongo lake, akatazama juu.

"Limeharibika?"

"Linazunguka, mama. Hilo ndilo zima."

"Mbona halisemi?"

"Feni zima halisemi."

"Haya, ahsante, mwanangu," akasema, kwa sauti ile anayompa mtu aliyemletea zawadi isiyomwenea.

Jioni hiyo kwenye baraza la kahawa nilisema maneno mengi. Sioni sababu ya kuyarudia. Yalikuwa ya kweli yote.

Wiki haikumalizika. Mke wangu akaja kuniambia mama halali mchana. Nikapanda. Nikamkuta kakaa kitandani, macho mekundu, tasbihi mkononi.

"Shikamoo, mama. Hujalala?"

"Marahaba. Nnasikia kila kitu, baba. Nnasikia masanduku ya watalii yenye magurudumu yanapita kichochoroni. Nnasikia kunguru. Nnasikia jirani anavyomkoromea mkewe, na mkewe namna anavyomjibu. Sikujua kuwa yule bibi ana ulimi vile."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Siku ya pili alipimwa presha, ilikuwa imepanda. Siku iliyofuata alishikwa na kizunguzungu msalani, akashika mlango, Mungu akamsitiri.

Nikajua basi anautaka mlio. Mlio tu! Mimi wa kushindwa kuharibu feni? Nikalegeza skrubu za upande mmoja. Likaanza kuguna kama mtu mwenye tumbo. Mama akasema, "Hilo linaumwa, lizime." Nikachukua beringi kuukuu ya pampu ya kisima, imechakaa vizuri kabisa, nikaivisha. Likapiga ukelele, mama akaziba masikio, jirani wa pili akauliza kwa dirishani kama tunakata mabati. Mke wangu akatafuta kwenye simu yake sauti ya feni, maana siku hizi katika simu mna kila kitu, akamwekea mama juu ya mto. Mama akasikiliza kwa adabu.

"Feni la wapi hili?"

"Sijui, mama. La Ulaya labda."

"Ndiyo maana. Lina baridi."

Dada yangu mkubwa anakaa Bububu, nyumba ya chini, pembeni mwa barabara, hakuna hata kidato kimoja. Alikuja akamtazama mama, akanitazama mimi, akavua mtandio wake taratibu kama mtu anayejitayarisha kupigana.

"Fundi wa dunia nzima," akasema. "Mama kakonda."

"Dada, nimo kazini."

"Kazi gani? Umemwondolea mama usingizi, sasa unautafuta kwa spana? Mimi nnamchukua."

"Akishuka hatopanda tena, unajua."

"Akibaki atateremshwa kwa jeneza?"

Mke wangu akainamisha kichwa.

Mama akashuka siku ile ile. Alishuka kwa kukaa, kidato kwa kidato, mimi mbele yake namtazamia miguu, dada nyuma kamshika mabega. Kwenye kona alisimama akapapasa ukuta kwa kiganja, ule ukuta wenye chokaa inayonata, kama mtu anayemuaga mnyama wake. Gari ikaja mpaka mwisho wa njia, akaingia, akafungiwa mlango, akaondoka.

Nyumba ikawa na kimya juu. Nilikuwa nikirudi kazini napanda peke yangu, nakaa juu ya kitanda cha mama, nawasha feni langu zuri, nililokwisha kulirudishia beringi na skrubu zake, lisilo na kasoro, nalitazama linavyoogelea. Madirisha yamefungwa, mwanga unaingia kwa vipande, chumba kinanuka asumini mkavu na mafuta ya kuchulia magoti. Nikawa siamini kama mtu mzima naweza kushindwa na kitu nilichokitengeneza vizuri. Kwenye kibanda changu cha kazi watu wananingoja na mota zao, na mimi niko pale kwenye kivuli, kichwa kinazunguka pamoja na mapanga, sijui kama nimelala au niko macho.

Siku moja mchana nikapanda vespa yangu nikaenda Bububu. Nikamkuta mama kwenye kiti barazani, malori yanapita mbele yake.

"Umelala?"

"Siku ya kwanza nililala, nilichoka kwa zile ngazi. Tangu hapo silali. Dada yako kanitilia feni la rimoti. Nalo bubu kama lako."

"Mama," nikasema, "lile la zamani lilikuwa likilia vipi? Niambie vizuri."

Akacheka kidogo. "Wewe fundi unaniuliza mimi?"

"Nnakuuliza."

Akanyoosha mkono na tasbihi yake. Akafumba macho. Midomo yake ikasema *Subhanallah*, kidole gumba kikavuta punje, kikatulia. *Subhanallah*, akavuta, akatulia. Nilikaa nikitazama kidole kile. Lori likapita, vumbi likatufunika, yeye anavuta tu, mwendo ule ule, wala haukukimbia wala haukuchelewa, na mimi mwili ukanisisimka, maana niliujua mwendo ule. Nilikuwa nikiusikia tangu kidato cha tatu.

"Likisema, nnavuta," akaniambia. "Likisema, nnavuta. Baba yako alipokuwa hai tulikuwa tukivuta wote, kila mtu na yake, na yeye daima analala mwanzo. Mimi sijapata kuifikia mia, baba. Miaka yote hii. Usingizi unanichukua njiani, feni linanimalizia. Sasa lazima nivute mwenyewe, na nikivuta mwenyewe niko macho. Nnamaliza mia, nnaanza tena, nnamaliza, nnaanza."

Nimekwisha kusema kuwa hakuna mota inayoweza kunishangaza, na sifuti neno langu. Mota haikunishangaza. Nilikaa barazani pale Bububu mpaka chai ikanipoa mkononi.

Nilirudi mjini najua ninachokitaka. Nilifungua kava la juu, nikautoa utepe wangu ule wa sifa, nikakata mwingine mrefu, na kwa mkono wangu mwenyewe nikaziacha ncha zipandane. Ikaniuma, sisemi uongo. Ni kama kumvalisha mtoto shati kinyume ukampeleka sala ya Idi. Lakini kupandana kuna kwake pia. Zikipandana sana, beringi inagoma. Zikipandana kidogo, haisemi. Tena kuna pahala: ukiziweka karibu na skrubu linasema hivi, ukiziweka mbali linasema vile. Masikio yangu mazuri, lakini si mimi niliyekuwa nikilala chini yake.

Nikamwambia mke wangu apige simu Bububu. Yeye kashika simu juu, karibu na feni, mimi niko juu ya ngazi yangu ya mbao.

"Mama, sikiliza."

Sauti yake ikatoka kwenye simu, ndogo: "Hilo linabisha hodi."

Nikafungua, nikapunguza bati kwa mkasi, nikafunga, nikawasha.

"Sasa?"

"Linachechemea."

Nikafungua tena. Jasho linanidondoka kwenye kava. Mke wangu akabadilisha mkono.

"Na hili?"

"Hili linanikimbiza. Mimi si mtoto."

"Huyo mama yako," mke wangu akanong'ona, "angekuwa fundi, wewe ungekuwa unauza maji."

"Nnakusikia!" simu ikasema.

Nikazisogeza ncha nusu ya upana wa kidole, nikakaza skrubu, hii na ile inayoikabili. Nikawasha, nikaweka ile kasi ndogo anayoipenda. *Tk.* Likazunguka. *Tk.* Tukasubiri. Kivuli kikapita juu ya kabati, kikapita juu ya picha ya baba. Simu haikusema.

"Mama? Vipi hilo?"

Kimya. Tukasikia punje moja ya tasbihi, au nilidhani nimesikia. Kisha mchakacho wa nguo, na sauti ya dada yangu kwa kunong'ona kwa hasira:

"Nyamazeni nyie! Kalala na simu sikioni!"

Mke wangu akakaa kwenye kitanda cha mama akaanza kulia. Mimi sikulia. Vumbi la boriti lilikuwa limeniingia machoni, na aliyewahi kufanya kazi juu ya ngazi anajua.

Ikabaki kumpandisha. Nilikwenda sokoni nikawachukua mahamali wanne, wale wanaopandisha majokofu na makabati kwenye ngazi za nyumba zetu, wanaoijua kila kona ya mji kwa mabega yao. Nikawapa kiti cha mbao cha mikono, wakakifunga kamba. Mkubwa wao, mtu mfupi mwenye shingo kama ya fahali, akamtazama mama aliyekuwa anateremka kwenye gari.

"Elfu kumi kila mmoja."

"Jokofu mnapandisha kwa nusu ya hiyo!"

"Jokofu haliongei, mzee. Huyu bi mkubwa nshamuona, atatupa amri mpaka juu."

"Nitakupeni," mama akasema. "Inueni."

Na kweli alitoa amri. "Wewe wa nyuma, usininamishe, mimi si gunia. Angalia kona. Huo ukuta umepakwa chokaa juzi. Pumzikeni hapa, mtu huvuta pumzi hapa. Haya." Wanaguna, wanacheka, kamba zinalia, na kiti kinapanda kwenye giza lile la ngazi na nguo yake nyeupe ndani yake, kidogo kidogo, kama kitu kinachonyanyuliwa na maji. Mimi nilikuwa nyuma yao sina kazi. Nilipofika mlangoni, yeye alikuwa amekwisha kukaa kitandani pake, kavua viatu, anatazama juu.

"Washa."

Nikawasha. Akalala chali, akafumba macho, akaivuta tasbihi kutoka kwapani, na bila ya kufumbua macho akaniambia nisiwape wale watoto bei ya jokofu, niwaongeze elfu mbili mbili ya sharubati, na yule wa nyuma aliyechunwa kiwiko na ukuta nimpe elfu mbili na mia tano ya dawa. Feni likasema, akavuta, usingizi ukamchukua. Nilishuka kwa vidole, nikawalipa mlangoni, hivyo kimya changu kile kizuri kilinigharimu, mwisho wa yote, kumrudisha mama chini ya feni lake, shilingi elfu hamsini na mia tano.